Mtunza Handaki na Udongo wa Shosho Wakonyo

Ukungu bado umeufunika msitu wa Mlima Kenya, na Phoebe Nasirumbi amezama handakini hadi kiunoni, akitupa udongo nje kwa jembe. Kila masika yakipita kingo hubomoka, na asipouzoa huo udongo, handaki litageuka mtaro wa kunyweshea mbuzi.

"Wageni wanataka kuona kina," anasema, akipangusa jasho kwa leso. "Wakikuta shimo fupi wanasema, ati ni hii tu?"

Nasirumbi, mwenye miaka arobaini na sita, alitoka Bungoma akimfuata mumewe, askari polisi aliyehamishiwa Nyeri. Mume alifariki, akamwachia watoto watatu. Kikundi cha kijiji, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Ruring'u mjini Nyeri, kilipoamua kulihifadhi handaki, kilimpa kazi ya kulitunza na kuwatembeza wageni. Siku yenye wageni hupata shilingi mia tano. Siku kavu hurudi nyumbani na kuni tu.

Handaki lilichimbwa kwa amri ya wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa uhuru msituni. Waliochimba ni wanawake na wasichana, kwa viboko, bila malipo. Kila mmoja alipimiwa sehemu yake kwa kijiti, na asiyemaliza hakuruhusiwa kurudi nyumbani.

Hivi majuzi darasa moja lililokuwa likisoma habari za utumwa lilikuja, na msichana aitwaye Wendy akachungulia huku na huku. "Madam, minyororo iko wapi?"

"Haikuwako, mama."

"Sasa huo ni utumwa gani?"

Nasirumbi alimpa karai lililojaa udongo, alipandishe kutoka chini hadi ukingoni. Wenzake walimcheka, kisha wakapokezana. Wa mwisho alipofika juu hakuna aliyekuwa akicheka.

Lakini jambo moja lilikuwa likimkosesha raha mtunzaji huyu. Ng'ambo ya njia anaishi bibi kizee aitwaye Shosho Wakonyo, mwenye miaka themanini na sita, wa pekee aliyebaki kijijini kati ya waliochimba. Hualikana chai, hupelekeana githeri ya mahindi na maharagwe. Ila handakini Shosho hakuwahi kukanyaga tena, hata kwa kubembelezwa.

"Mimi ni mgeni hapa, nasimulia uchungu wa wenyewe," anasema Nasirumbi. "Huyu akienda bila kusema, mimi nitabaki nikisema nini?"

Baada ya masika ya mwaka huu, Shosho alisimama njiani na fimbo yake, akamtazama akichimba.

"Nasirumbi! Bado mnachimba?"

"Ndiyo, Shosho. Mvua imefukia."

"Mvua iko na akili kuliko nyinyi."

Nasirumbi alicheka. Shosho hakucheka.

"Miaka hii yote naomba Mungu hiyo shimo ijae," akasema. "Nikiona imeanza kujaa, wewe unatoa."

Nasirumbi aliliweka jembe chini. "Nilidhani anaogopa kukumbuka," anasimulia kwa sauti ya chini. "Kumbe kila mwaka nilikuwa namchimbia upya mateso yake, tena mbele ya mlango wake."

Alilipeleka jambo hilo kwa kikundi. Mwenyekiti, Mzee Mwai, alishika kichwa. "Tukifukia, wageni tutawaonyesha nini? Nyasi?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana: handaki libaki wazi, ila sehemu aliyopimiwa Wakonyo irudishiwe udongo, na Shosho mwenyewe aanze.

Hakuna aliyemwonyesha Shosho mahali. Jumamosi iliyofuata aliingia mara ya kwanza tangu usichana wake, akatembea polepole, akapiga fimbo chini. "Kutoka hapa mpaka pale kwa kona." Wakamletea kigoda, akakikataa. Akainama, akachota udongo kwa viganja.

"Hii ni ya mama yangu." Akachota tena. "Hii ni ya Murugi, tulichimba pamoja. Alianguka hapa na hakuamka."

Watu walikuwa wakifuta macho alipogeuka na kuwakemea vijana wa kikundi. "Na nyinyi mnangoja nini? Jazeni hizo karai! Sisi tulikuwa tunachapwa tukibeba nusu!"

Sasa sehemu hiyo imefika nusu. Nasirumbi anataka imalizike kabla ya mvua za vuli, ili mgeni aone kwanza kina, kisha afike palipojazwa na kuambiwa ni pa nani. Yeye alifikiria kupanda maua juu yake.

"Maua ni ya nini?" Shosho alimuuliza. "Panda ngwaci."

Basi atapanda viazi vitamu. Vikikomaa, anapanga kuvichemsha hapo hapo ukingoni na kuliita tena lile darasa la akina Wendy. Safari hii hatasimulia yeye. Shosho amekubali kuketi nao, kwa sharti moja.

"Wakule kwanza," ameagiza. "Halafu nitawaambia. Na waharakishe kuja, mimi siko na miaka ya kungoja."