Mtori Uliorudi Kutoka Kikwe

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi kali, manyunyu tangu alfajiri, mlima umefunikwa na ukungu mpaka chini kama haujawahi kuwepo.

Kazi yangu ni kupikia wazazi. Huku kwetu Kikatiti na vijiji vya jirani, mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi yake, anapewa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Familia isiyo na mtu wa kupika inaniita mimi. Wateja wamekuwa wakinipata kwa kuambiana, na siku hizi kwa Wasapu: mtu anamtumia dada yake namba yangu, dada yake ananipigia. Picha sikuwahi kuweka popote.

Wifi yangu, anayesuka nywele Daraja Mbili, ndiye aliyeanza. "Wifi, unauza chakula au unauza gongo? Mbona unajificha hivyo?" Akanionyesha Insta, akanionyesha Tiktok, akasema Fesibuku ni ya wazee na Wasapu ni ya kujuliana hali. Mimi niliishia darasa la saba, yeye ana wateja wa mjini, nikaona anajua. Nikakubali Tiktok. Naandika kwamba nilikubali, kwa sababu mume wangu anamlaumu dada yake peke yake, na hiyo si haki.

Alhamisi alinirekodi nikiponda ndizi, mifupa ikichemka pembeni. Kisha tukapanda bodaboda hadi Kikwe, kwa mzazi ninayempikia, akanirekodi nikiingia getini na hotipoti. Mzazi hakuonekana, mtoto hakuonekana. Niliiangalia ile video kabla haijatoka, nikaona haina neno. Lakini lile geti la bluu, lenye bati lililopinda kwa chini, usharika mzima unalijua. Na nyumba ile walikuwa hawajamwambia mtu kwamba kuna mtoto. Yule binti alishapoteza watoto kabla ya huyu, na mama mkwe wake aliniomba tangu mwanzo habari isitoke mpaka mtoto apate nguvu. Mimi nilidhani kutunza siri ni kufunga mdomo tu.

Jana yule bibi, mama mkwe, akapiga. "Kesho uje mapema." Akakata.

Yeye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Akisema neno moja baya juu yangu, hakuna nyumba ya mzazi itakayoniita tena.

Leo nimepika huku naonja mara mbili mbili, kana kwamba kosa liko kwenye sufuria. Kabla sijatoka wifi akapiga. "Watu wanaipenda! Kuna dada wa Njiro anauliza kama unafika mjini!"

"Ifute, wifi."

"Niifute? Ndiyo kwanza inapanda!"

Nikamweleza. Akasema, "Haya, naifuta." Na aliifuta kweli, sikumwambia mara ya pili.

Kikwe nilimkuta bibi amesimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

Aliangalia miguu yangu yenye tope, akaangalia hotipoti. "Marahaba. Ingia uone."

Meza ilikuwa imejaa hotipoti za watu, chupa za uji, sufuria zilizofunikwa kwa vitambaa. Waliiona video, wakaja kutoa hongera, na kwetu hakuna anayekwenda kwa mzazi mikono mitupu.

"Tangu jana hawakatiki," akasema. "Mmoja alikaa hapo anakohoa. Nimwambie nini, toka? Sasa huo wa kwako niuweke wapi? Kichwani?"

Chumbani mzazi alicheka. Mtoto akalia. Bibi akageuza shingo haraka, akabaki hivyo hivyo mpaka mtoto aliponyamaza. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa na hasira tu.

"Nisamehe, bibi. Mtoto sikumwonyesha."

"Ulionyesha mlango wangu."

Nikamnyooshea hotipoti.

"Mtori wako haujanikosea," akasema. "Rudi nao. Hawa wakichoka kuja nitakupigia, na uje wewe na chakula, basi. Huyo msusi wako abaki na nywele zake."

"Na kanisani, bibi? Utasemaje?"

"Nitasema unapika vizuri. Wakiniuliza na hili lingine, sitadanganya."

Sikuweza kumwomba zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe nisingedanganya.

Njiani nilimfikiria yule dada wa Njiro. Huenda yeye anapenda kuonekana, na kwa watu kama yeye wifi hakukosea. Ila mzazi aliyejifungia ndani hatafuti mpishi wa kutazamwa na watu. Kwa wazazi nitabaki na Wasapu, namba ipite mkono kwa mkono. Kazi ya mjini sijui bado, na sijiamini kuamua leo.

Jioni wifi alikuja bila kuitwa. Simu niliiweka karibu na jiko, isije ikalia nisisikie. Haikulia. Tulikula mtori ule ule wa mzazi, laini, usio na pilipili. Mume wangu aliulizia pilipili, wifi akamsogezea, lakini wake mwenyewe akaula hivyo hivyo ulivyo.