Betri Zilizochoka

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Sadala. Una betri kubwa?"

"Ninazo. Mpya kabisa, zimefika juzi."

"Mpya sizitaki," akasema mzee Kaleb. "Naomba zilizochoka."

Nina miaka mingi na duka hili hapa Mkata, kando ya barabara, na nimeombwa mambo. Nimeombwa chumvi ya kuonja, nimeombwa nimlindie mtu mbuzi mpaka basi la Korogwe lipite. Kuombwa takataka sijawahi. Nilimtazama usoni nione kama ananitania, maana zamani alikuwa mtani sana. Hakuwa anatania. Aliketi kwenye benchi la kibarazani, akaweka kofia yake magotini, akangoja kama mtu aliyeagiza soda.

Mzee Kaleb ni Msambaa. Alishuka kutoka milimani akiwa kijana, akafanya kazi kidogo kwenye mkonge kule Mazinde, kisha akaja huku Uziguani na mkewe Hosiana wakalima mahindi na mihogo. Hosiana ndiye aliyeanzisha kwaya ya kanisa lao hapa. Hakusoma muziki popote. Alikuwa na redio ya kaseti, na alikuwa na kanda moja ya kwaya ya vijana wa Korogwe, na kwa kanda hiyo alifundisha watu kuimba kwa zaidi ya miaka thelathini.

Betri siku hizo zilikuwa zinatumiwa mpaka zitoe roho. Zikianza kulegea, unazitoa, unazing'ata kidogo, unazianika juani juu ya jiwe, unazirudisha, zinakupa nyimbo mbili tatu zaidi. Kwa mzee Kaleb kazi zilikuwa zimegawanywa. Yeye ni fundi, anafungua redio na kuzitoa. Hosiana, mama Upendo, anazipokea na kwenda kuzianika. Nyumba yao nyuma ya duka langu, naona mpaka leo lile jiwe.

Wimbo wa mwisho upande wa pili wa kanda unaitwa "Tumefika Salama". Sisi Waislamu wa hapa wote tunaujua, hata kama hatujakanyaga kanisani, maana kila walipozika walipita nao mbele ya maduka. Unakwenda taratibu, sauti nzito, kila neno linavutwa mpaka unajisahau na mizani mkononi. Mama yangu mzazi, hajja mzima, alikuwa akisimama mlangoni kuusikiliza. Mwaka jana wakati wa masika walimzika Hosiana mwenyewe kwa wimbo huo, na mimi nililia kwa wimbo kabla sijalia kwa maiti.

Baada ya mazishi watoto walirudi kwenye kazi zao. Mzee akabaki na kuku, redio na ile nyumba. Upendo, binti yake aliyeko Korogwe mjini, alikuwa akimpigia simu kila Jumapili. Siku nyingine nilikuwa namsikia akijibu maswali yote kwa neno moja, "nzuri," halafu anakaa ameishika simu muda mrefu baada ya kukatwa.

Mwezi uliopita Upendo alikuja na zawadi. Ile kwaya ya Korogwe, au niseme watoto wa ile kwaya, walikuwa wameipata kanda mama, ile iliyorekodiwa mwanzo kabisa, wakaipeleka studio Dar es Salaam ikasafishwa. Upendo aliinunua, akaitia kwenye flashi, akanunua na spika nyeusi nene kama tofali. Alimwambia baba yake, "Sasa utamsikia kila mtu, baba. Hata anayevuta pumzi."

Alipoondoka, mzee aliileta spika hapa kibarazani, na redio yake kuukuu chini ya kwapa. Alitaka tusikilize zote mbili tuone ipi imemshinda mwenzake. Tukaanza na mpya. Kweli ilikuwa safi, sitaongopa. Kwenye kanda, sauti za wanaume zilikuwa mvumo tu, kama lori linalokuja kwa mbali. Humu ukamsikia huyu wa kulia na huyu wa kushoto. Kayamba ikalia kama iko juu ya kaunta yangu. Mzee akawa anatikisa kichwa na kutabasamu, wimbo mmoja baada ya mwingine, na mimi nikafurahi kumwona hivyo.

Kisha ikafika "Tumefika Salama", na ikaanza kukimbia. Ngoma inadunda, watu wanapokezana, vigelegele katikati. Ulikuwa wimbo wa kumpokea bibi harusi. Mteja aliyekuwa ananunua sabuni alianza kutingisha mabega.

"Wameuharibu," mzee akasema. "Wameuharakisha hao watu wa studio. Weka hii uone."

Nikampa betri mpya kabisa atie kwenye redio, ili shindano liwe la haki. Kanda ikakwaruza, ikavuma, na wimbo ukatoka mbio vilevile. Mzee akaigonga redio. Akarudisha nyuma, akaanza tena. Mbio. Akaizima, akapangusa vumbi kwenye vitufe kwa kidole.

"Kumbe ni betri," akasema mwishowe. "Upande wa pili mwishoni, betri zilikuwa zimeshachoka siku zote, kanda inajikokota."

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Kwa hiyo Mkata nzima imezikwa kwa nyimbo za harusi." Akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akafuta macho. Ila aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Ningedhani mambo yangeishia hapo. Lakini habari ilimfikia Enock, mwalimu wa kwaya wa sasa, kijana mwenye bidii na adabu zake. Akaja kumwambia mzee kuwa wameupata wimbo wenyewe, wameshaufanyia mazoezi kwa mwendo sahihi, na watauimba hivyo kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwaka wa mama Upendo.

"Hapana," mzee akasema. "Siku hiyo mtaimba alivyofundisha yeye."

"Tumejaribu, mzee. Tukianza polepole, tukifika kiitikio vijana wameshakimbia. Ukishaingia sikioni hautoki. Basi tuonyeshe wewe mwendo wenyewe, tukufuate."

Mzee akakohoa, akaimba. Nilikuwa napima sukari, nikaacha. Maneno mawili ya kwanza yalikuwa ya Hosiana. La tatu likaanza kuchepuka, na kufika la sita mzee alikuwa harusini pamoja na wengine. Akasimama, akaanza upya, ikawa vilevile. Enock akatazama chini.

Baadaye mzee aliniambia kisa. Ile spika alikuwa akiiacha inaimba mchana kutwa, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno na yeye hakuweza kula katika ukimya ule. Wiki tatu wimbo ule ulikuwa ukikimbia masikioni mwake. "Sina picha yake ya sauti hata moja, mama Sadala," akasema. "Hakuwahi kurekodiwa. Alichoniachia ni ule mwendo, na nimeupoteza mwenyewe."

Ndiyo sababu ya kuomba betri zilizochoka. Nilizitafuta pamoja naye, na hapo ndipo nilipojua dunia imebadilika. Kila nyumba ina sola au umeme, kila mtu anachaji. Kwa Mwinjuma, fundi wa redio, tulikuta mbili zimevimba na kutoa maji. Mzee akaenda nyumbani na betri mpya kama watu wengine wote.

Kesho yake mchana, nikianua nguo, niliona tochi inawaka dirishani kwake. Jua kali, na tochi imemulika ukuta. Nikamwita nikamwambia ameisahau.

"Sijaisahau," akajibu kutoka ndani. "Naiacha izichoshe."

Iliwaka mchana huo, ikawaka na uliofuata. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee wa watu amechanganyikiwa, na mimi nikawajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwanga ulipogeuka mwekundu kama kaa linalozimika, akamwita Enock, akaniita na mimi.

Tulikaa sebuleni kwake, mchana, mlango wazi. Akazihamisha betri kutoka kwenye tochi, akazipanga kwenye redio, akabonyeza. Kanda ikasita, ikanguruma, kisha ikaanza kutembea. Wale vijana wa Korogwe wakashuka sauti, ngoma ikalegea ikawa hatua za watu waliobeba kitu kizito, na pale mlangoni ningeweza kuapa nimeona kanga ya Hosiana. Enock alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja, midomo ikihesabu. "Nimeupata, mzee," akanong'ona. "Huu siuachi tena." Na Jumapili, kwenye ile ibada ya kumbukumbu, waliuimba hivyohivyo.

Lakini siku ile mzee alikuwa bado yumo ndani ya wimbo. Alikuwa amefumba macho. Wimbo ulipofika ubeti wa mwisho betri zikazidi kulegea, sauti zikawa nzito, zikawa mkoromo, redio ikanyamaza.

Akafungua kifuniko cha nyuma bila kutazama, kwa mikono iliyozoea, akazitoa betri zote. Kisha akanyoosha mkono nyuma, upande wa mlango, amezishika, akangoja zipokelewe zikaanikwe. Akangoja. Macho bado ameyafumba.

Nikainuka, nikazipokea, nikaenda kuzianika kwenye lile jiwe.