Migomba Katikati ya Ukurasa

Siku ya kwanza kazini nilifika Bulyaga nimelowa mvua. Chumba kilikuwa nyuma ya fundi cherehani, kompyuta mbili juu ya meza moja. Msimamizi wetu, mama wa Msasani ya huku huku Rungwe ambaye babu zake walitoka pwani, alinitazama nikiandika jina langu kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, unaandika kama unapanda miche ya chai," alisema. "Haya, panda. Ila usiharakishe."

Kazi yenyewe ilikuwa wiki, yaani tovuti ambayo watu wengi huandika kurasa zake pamoja. Wakulima walikuja kusimulia kilimo cha Rungwe, nasi tukaandika. Mimi nilipewa violezo. Kiolezo ni ukurasa unaobeba umbo la kurasa nyingine: kichwa kikae wapi, picha wapi. Ukigusa kimoja, zote zinageuka. Kwa hiyo kwanza unanakili cha zamani, kisha unajaribu kando. Darasa la saba lilinitosha, kwa kuwa Msimamizi hakuchoka kurudia.

Msimulizi wetu bora alikuwa Mama Neema wa Lupepo. Ndizi za zamani alizijua kwa majina na kwa ladha. Ukurasa wa migomba ulikuwa wake, ukiwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa kichwani mwake tu. Baba mkwe wake, Mzee Ambokile, alikuja siku nyingine, akaongeza habari za mashimo na samadi.

Ndipo Mkuu wa mradi akapiga simu kutoka Mbeya. "Watu wanapenda sura. Wekeni picha za wasimulizi juu ya kila ukurasa, bega kwa bega."

Nikabadilisha kiolezo. Kesho yake Mama Neema akaja, akatazama kioo cha kompyuta. Alikuwa shavu kwa shavu na baba mkwe. Alijifunika uso kwa kanga, akatoka bila kuaga. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa rika lake, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite.

Hakurudi. Msimamizi akasema, "Tufute picha zote." Mkuu akakataa. Ukurasa ukabaki nusu.

Aliyetuokoa ni Mzee Ambokile mwenyewe. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mmemleta mkwe wangu njiani, halafu mmekata migomba yote! Ajifiche wapi?"

Msimamizi akacheka mpaka akakaa. "Sasa tufanyeje, baba?"

"Yeye juu, mimi chini kabisa. Katikati pandeni migomba."

Nilifanya hivyo, polepole. Picha ya kwanza ikakaa kichwani, ya pili mkiani, na kati yao maelezo yote na picha za migomba. Mama Neema alipoletewa habari alikuja, akauliza kwanza, "Ni mirefu?" Nikamwambia ni mirefu. Akavuta kiti, akaanza na ndizi aliyoiachia njiani.

Sasa nimeiacha kazi ile, nachuma chai kwetu. Ninyi mtakaogusa violezo baada yangu, ukurasa ule msiufupishe. Juzi nilimkuta Mama Neema sokoni akiusoma kwenye simu ya mwanawe. Nilimuuliza kama ameusoma mpaka mwisho.

"Nafika kwenye mgomba wa mwisho," alisema, "nasimama hapo. Mzee anapita."