Dua ya Umri Mrefu

Mama hakuipenda simu tangu siku ya kwanza ilipoleta fitri. Mimi niliifurahia, sina haja ya kudanganya.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, Tabora mjini. Baba alipofariki tukarudi Bukene, na yule mzee mwenye duka hakututupa. Kila mwisho wa Ramadhani alishuka kwenye treni na mchele wa fitri, akaketi mkekani, akapiga soga na mama mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Kabla hajaondoka mama alifungua viganja: "Mungu akupe umri mrefu, kaka yangu." Naye alijibu, "Amina, amina."

Magoti yalipomshinda mzee, fitri ikaanza kuingia kama pesa kwenye simu yangu. Mwanzoni alipiga mwenyewe, wakacheka. Halafu ukabaki ujumbe mtupu wenye jina lake, na nikipiga haipokelewi. "Ndiyo basi? Hata salamu?" mama alinuna. Kisha akaifungulia simu viganja, wallahi, akaiombea umri mrefu. Nilikuwa namcheka.

Ramadhani moja akachoka. "Aka! Mtu hashukuriwi kwa kubonyezabonyeza." Akafunga chupa ya asali kwenye khanga, tukapanda treni.

Mlangoni alitupokea mke wa mtoto mkubwa wa mzee. Mama akamwambia, "Mwambie kaka yangu, dada yake wa Bukene kaja."

Yule mwanamke akamshika mkono. "Kwani hamkupata habari, mama? Mzee ana mwaka wa pili kaburini."

Kumbe wanawe walikuwa wakituma kwa laini yake ileile. Aliusia fitri ya mjane wa fundi wake isikatike, na kweli haikukatika. Watu wema, siwezi kuwalaumu, ila moyo uliniuma mno. Hatukuzika, hata hitma yake hatukuisoma.

Mama aliketi palepale kizingitini. "Inna lillahi," akasema, halafu akaangua kilio. "Jamani, mwenzangu anangoja rehema, mimi namuombea umri!"

Asali tuliiacha pale.

Ramadhani iliyofuata simu ikalia, jina lake likatokea. Nikamsomea mama. Akageukia upande wa reli, akafungua viganja. "Mungu akurehemu, kaka yangu."

Akabaki hivyo, mikono juu, akingoja. Hakukuwa na wa kumjibu, nikaitikia mimi: "Amina, amina."