Kisanduku cha Marehemu Ghanim

Kwa miaka mitatu mama yangu, Masouda, alilinda kisanduku ambacho hata mwizi asingekitaka. Kilikaa stoo ya uani, nyumbani kwetu Sib, Oman, kizito kwa madini ya risasi yaliyozuia miale isitoke. Ndani mlikuwa na chembe ya madini ya miale ambayo baba, Ghanim, aliitumia kukagua mabomba ya mafuta. Karakana yake ilifungwa, naye akafariki mwaka 1998, kisanduku kikatubakia. Wakaguzi wa serikali walikuja wakapima, wakasema hakidhuru kikiachwa kimefungwa, lakini miale yake itadumu hata wajukuu wazeeke. Kukirudisha kiwandani Ulaya, kikahifadhiwe huko, kulitaka pesa nyingi kuliko alizokinunulia baba.

Tulikuwa na nyumba na kiwanja cha Mabela, basi. Mama alikwisha kuchagua pa kujenga jiko lake kiwanjani.

Ami Abdulrazak, ndugu wa baba, alikuwa na fungu katika mirathi, kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume. Akaja na akili zake za mkato.

"Shemegi, tukichimbie jangwani, tukimwagie saruji, tugawane kiwanja. Nani atajua?"

"Mimi nnajua," mama akasema. "Mirathi haigawiwi kabla ya deni la maiti. Hichi kisanduku ni deni la Ghanim. Faida yake tumekula sote."

"Deni? Nani anakudai?"

"Atakayekuja kuchimba kisima hapo."

Ami alinuna mwezi mzima, kisha akakubali kiwanja kiuzwe kulipia safari ya kisanduku. Sidhani kama alishawishika. Nadhani mama alimchosha.

Mwaka 2001 gari lilikuja, wanaume wenye glavu wakakipakia. Mama alisimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Nilidhani atalilia jiko lake. "Alhamdulillahi. Pumzika, Ghanim," akasema, akataka ufagio. Aliyelia ni mimi, kwa furaha, na sioni haya.

Ijumaa iliyofuata binti zangu walicheza kujificha. Mdogo, Muhsina, hakuonekana. Tulimtafuta chini ya vitanda, nyuma ya tangi la maji, kila mahali isipokuwa stoo, kwa mazoea tu. Mama ndiye aliyekwenda kuifungua. Muhsina alikuwa amejikunyata nyuma ya gunia la mchele, ndani ya mlango uleule ambao bibi yake alikuwa akimchapa kila alipougusa.

Wakatazamana. Mama akaurudisha mlango taratibu, akatugeukia.

"Humu hayumo," akasema. "Endeleeni kutafuta."