Miti ya Ukingoni

Miaka ya hamsini, nilipotoka kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani, si cha pwani, kwenda kuoa ng'ambo karibu na Kashikishi, niliambiwa mkwe hasemi na mama mkwe. Mpaka wanikaribishe rasmi ndani, nilikuwa nikimlimia shamba, na maneno yote yalipitia kwa mke wangu. Tukikutana njiani, mmoja wetu aliingia majanini.

Siku moja mke wangu akaniletea agizo: nikate miti yote ya ukingo wa kijito kilichopita shambani kwake, hadi majini, maana udongo mweusi uko pale na mihogo itanona. Mimi ni mtoto wa wavuvi. Nilijua samaki wetu mpumbu hupanda kijito kile kutaga mayai mvua za kwanza zinaponyesha, na nilijua mizizi ndiyo iliyoshika ukingo. Lakini mkwe habishi agizo, hata kwa mdomo wa mke; nikameza maneno, nikashika shoka.

Mvua kubwa ya kwanza ilishusha ukingo mzima. Kijito kikawa kizito na chekundu kama uji wa ulezi. Mpumbu walikuwa wameshapanda. Tuliwakuta wamelala ubavu, mashavu yamejaa tope, mayai yamezikwa.

Kaka yake mama mkwe, aliyetega samaki pale kijito kinapoingia ziwani, alikuja na kasia. Hakunisalimia. Pigo la kwanza liling'oa meno yangu mawili.

"Nani alikutuma?"

Kumtaja mama mkwe kungekuwa kumvua nguo hadharani. Akanipiga mbavu, akanipiga mgongo, akauliza tena. Shoka nilikuwa nalo mkononi na damu imenichemka; nilitaka kumpasua kichwa, sifichi. Nilijua neno moja la mjomba yule wa mke wangu, mwenye kauli juu ya ndoa yetu kwa mila yao, lingetosha kuninyang'anya mke. Hasira hasara, lakini mkono ulishapanda.

Mama mkwe akaja mbio, akajitupa katikati yetu.

"Ni miye njo nilimutuma. Muache mutoto wa batu."

Kasia lilikuwa limeshashuka. Lilimpata sikioni, akaanguka topeni. Kaka yake alipiga magoti akimwita, analia. Mimi nililitupa shoka majini.

Sikio lile halikusikia tena. Mihogo ilinona kweli; mpumbu hawakurudi. Mwaka uliofuata tulikuwa tukila ugali wa mihogo ile kwa majani matupu, mama mkwe akaniuliza, sasa ana kwa ana, maana walishanikaribisha ndani:

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Juu ya nini haukusema?"

"Mukwe anasemaka wapi?"

Akanigeuzia sikio zima. Nikarudia.