Kitabu cha Kauboi Nilichomsomea Sadiki

Nilimdanganya mtu aliyekuwa anakufa, tena mbele ya wodi nzima, na sababu ilikuwa kiburi tu. Naona haya, lakini nitasema.

Mimi ni fundi cherehani hapa ugenini Malvern, mashine nne, zote zangu, shule niliachia darasa la tatu (Kiswahili najikongoja, Kifaransa na Kiingereza sisomi), ila miaka yote nimekaa mlangoni Jules Street na gazeti mkononi ili wateja waone bosi anasoma. Hata Sadiki, rafiki niliyekimbia naye vita Uvira, aliamini. Sukari ilipompofusha akalazwa, binti yake akampatia kijitabu cha Kifaransa cha makauboi wa Amerika, vile vya bei rahisi tulivyoazimana ujanani, Sadiki akaniambia, "Kaka, nisomee mwisho. Kile cha nyumbani, kurasa za mwisho watu walisokotea tumbaku. Sikujua kama kauboi alimpata mdogo wake." Na mdogo wake Sadiki mwenyewe alipotea siku ile tuliyokimbia, walikuwa bado wanamtafuta, na mimi nilijua.

Ningesema sijui Kifaransa, yangeisha. Lakini wagonjwa walikuwa wananitazama, nikafungua kitabu nikaanza, farasi, risasi, vumbi, wodi yote ikitega sikio, nikanogewa, nikaona hadithi ya wanaume lazima iishe na damu, nikasema mdogo mtu alikutwa ananing'inia mtini.

"Amekufa?" Sadiki akauliza.

"Amekufa, kaka."

Mama mmoja wa Bukavu, aliyekuja kumwona mumewe kitanda cha pili, akasema, "Papa, mbona tangu uanze hujageuza ukurasa?"

Mgonjwa mmoja Mtanzania wa dirishani akacheka mpaka akakohoa. "Eish, mzee anasoma jalada!"

Mama akaninyang'anya kitabu, akasoma, akatafsiri: mdogo mtu anarudi mwenyewe kwa miguu, mzima, ukurasa wa mwisho kabisa. Nikasema, "Sadiki, nilidanganya, sijui Kifaransa, msikilize huyu."

Akageukia ukutani. "Mwache, mama. Mwisho nimeshausikia, msinibembeleze kama mtoto."

Nilimrudisha yule mama mara mbili amsomee tena. Sadiki hakutaka kusikia. Alikufa Alhamisi. Binti yake akaniambia neno aliloacha baba yake: wasimtafute tena baba mdogo.

Siku hizi mtu akiniletea karatasi yoyote, namwambia hapohapo, wateja wakisikia: sisomi, tafuta mwingine.